Mwaka Aliozaliwa Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu, Attracta Pickup, hakuwahi kupanda ndege, na kwa zaidi ya miaka hamsini ya ndoa alihakikisha mumewe naye hapandi. Sababu zilibadilika. Mara masikio yake hayawezi kwenda juu, mara moyo unamwenda mbio akiona bawa la ndege, mara paka atabaki na nani. Basi kila Agosti mzee Clifford alibeba mabegi mawili mpaka kituo cha treni, wakaenda Morecambe, wakakaa wiki nzima wakitazama mvua ikinyesha baharini, wakarudi.

Mimi nimemwoa binti yao wa pekee, Colette, na naishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Nimekula mezani kwao kila Jumapili kwa miaka ishirini na tatu. Mama alitoka Mayo, Ayalandi, akiwa msichana, akaja huku Lancashire kufanya kazi, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye jiko la shule ya msingi, akiwapakulia watoto viazi na kuwakaripia wanaovibakiza. Ni mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Nilidhani namjua.

Mambo yalianza na binti yetu Bryony, aliyekuwa na miaka kumi na minane na mpango. Angemaliza shule mwezi wa sita, chuo kikuu kingemngoja mwaka mmoja, na katika mwaka huo angekwenda Ufaransa, kwenye milima ya Alpi, afanye kazi majira yote ya theluji. Asubuhi kutandika vitanda vya wageni na kuosha vyombo, mchana kuteleza juu ya theluji kwa ski, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Mlango wa friji letu ulipotea chini ya karatasi: majina ya vijiji, majina ya hoteli, ramani za mabasi, na orodha ya keki, kwa sababu hoteli moja ilitaka mfanyakazi ajue kupika keki ya saa kumi ya wageni wanaporudi na njaa. Tulikula keki mpaka mimi nikaanza kwenda kwa jirani kuomba mkate mkavu.

Kuteleza alifundishwa na babu yake kwenye kilima cha plastiki, nyuma ya kiwanda cha pamba kilichokufa. Ni mteremko uliotandikwa mikeka ya nywele ngumu, kama brashi ya kusugulia sakafu. Ukianguka unachunika. Mvua ikinyesha wenyewe wanafurahi, maana mkeka ukilowa ndiyo unateleza vizuri. Mzee Clifford amekuwa akiteremka pale kila Alhamisi tangu mwaka sabini na nne, kwa ustadi wa kupendeza, na theluji pekee aliyowahi kuigusa ni ile anayoikwangua kwenye kioo cha gari.

Mpango wa Bryony ulikwama kwenye mstari mmoja uliokuwa kwenye kila tangazo: mwombaji awe na pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya. Sisi nchi yetu ilishajitoa huko, na hoteli hazikutaka usumbufu wa vibali. Lakini mwenye bibi aliyezaliwa Ayalandi anaweza kuandikishwa raia wa kule. Kazi hiyo huchukua miezi tisa au zaidi, na tulikuwa Februari. Kilichohitajika kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha bibi. Bila hicho hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna milima.

"Bibi," Bryony alisema Jumapili moja, mdomo umejaa, "cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Kiliungua."

"Kiliunguaje?"

"Kanisa liliungua, na vitabu vyake vyote."

"Mwaka juzi ulisema lilibomoka," mzee Clifford akasema.

"Liliungua, halafu likabomoka. Kula viazi vyako, Clifford."

"Lakini Bibi, cheti si cha kanisa. Ni cha serikali. Naagiza kwa kompyuta tu, wananiletea kwa posta."

Mama akainuka kwenda kuangalia mchuzi ambao ulikuwa tayari mezani.

Bryony aliagiza: Attracta Durkan, Mayo, mwaka 1947. Wakamjibu hakuna mtu kama huyo. Akajaribu arobaini na sita, akajaribu arobaini na nane. Hakuna. Karani mmoja mpole akamwandikia kwamba zamani baadhi ya wazazi wa vijijini hawakuandikisha watoto, na pengine bibi alikuwa mmoja wao.

"Labda hakuzaliwa kabisa," mzee Clifford alisema. "Nimekuwa nikimshuku siku nyingi."

Tulicheka wote isipokuwa Mama. Kufikia wiki ya pili ya Machi, Bryony alizibandua karatasi zake kwenye friji moja baada ya nyingine, akaomba kazi ya kupanga makopo kwenye supamaketi. Hakulalamika. Kimya chake kiliniuma kuliko kama angelia.

Jumanne iliyofuata Mama aliniomba nimpeleke kwa daktari wa macho. Tulipofika nikataka kushuka nimfungulie mlango.

"Zima gari, Adrian. Macho yangu mazima."

Nikazima.

"Mwambie mtoto atafute arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili nini, Mama?"

"Mwaka, Adrian. Mungu wangu, na ndiye tuliyempa binti yetu."

Nikapiga hesabu, nikaipiga tena. Huyu mwanamke, ambaye familia nzima ilijua ana miaka sabini na mitano, alikuwa na themanini.

Alinieleza akitazama mbele, mkoba umekaa mapajani. Walikutana kwenye jumba la dansi Manchester. Clifford alikuwa kijana wa miaka ishirini, shati limenyooshwa na mama yake, na mama huyo alikuwa akisema waziwazi kwamba mwanamke aliyefika ishirini na tano bila kuolewa ana kasoro. Attracta alikuwa amefika. Clifford alipomuuliza, ulimi ulijibu wenyewe: ishirini. Hata mbele ya mwandikishaji wa ndoa akarudia uongo huo na mwandikishaji akauandika. Baada ya hapo alingoja siku nzuri ya kumwambia mumewe ukweli.

"Siku nzuri haikuja," alisema.

"Miaka yote hiyo, Mama? Si ungemwambia tu?"

"Wewe umeshamwambia Colette nani aliyekwangua gari lake kwenye nguzo ya benki?"

Nikakirekebisha kioo cha gari.

Shida yake ilikuwa hii. Clifford alifanya kazi ofisi ya michoro ya halmashauri ya mji, na mpaka leo karatasi zote za nyumba ni zake, zimepangwa kwenye faili la kijani. Ofisi ya uraia kule Dublin, Ayalandi, ingetaka cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa pamoja, na vyeti hivyo viwili vilikuwa vinagombana. Hakukuwa na njia ya kupita pembeni ya mzee.

"Akijua ataniacha."

"Mama, ana miaka sabini na minne. Ataenda wapi?"

"Sisemi kuondoka, Adrian. Kuna kuacha mtu mkiwa nyumba moja."

Nilimwambia tunaweza kumwacha Bryony apange makopo. Kusema kweli, niliogopa. Mama akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Nimekaa jikoni kwako jana, nikatazama lile friji jeupe. Washa gari."

Jumapili, baada ya pudingi, aliweka mikono mezani. "Clifford, nina miaka themanini."

"Themanini ya nini?"

"Ya kuishi. Nilikudanganya kule dansini, na nikakudanganya mbele ya mwandikishaji."

Mzee akatabasamu kidogo, na nikaanza kupumua. "Miaka mitano si kitu," alisema. "Ungeniambia ningejisifu kwa marafiki." Alichota pudingi, akaacha kijiko hewani. Niliona sura yake ikibadilika. "Attracta. Pasipoti huandikwa mwaka wa kuzaliwa."

Mama akaanza kukusanya sahani.

"Kwa hiyo masikio yako hayana shida."

"Hayana."

"Na moyo?"

"Mzima."

"Na ndege huziogopi."

"Sijui, Clifford. Sijawahi kupanda."

Akakiweka kijiko taratibu. "Nilikuomba twende Austria mwaka sabini na sita. Nilikuomba tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, nilikuwa nimeshachukua vitabu vya safari. Nikilala nilikuwa naiona ile milima. Nikasema basi, mke wangu anaogopa, mume gani anamlazimisha mtu anayeogopa?" Aliinuka, akavaa koti, akaenda kwenye kilima cha plastiki mvuani. Mimi nilimkasirikia Mama siku ile, na sikuficha.

Hata hivyo, mzee alizishughulikia karatasi. Kwa mwandiko wake wa ofisini alijaza kila mstari, akampeleka mkewe kwa wakili akaape kwamba umri ulioandikwa siku ya ndoa ulikuwa wa uongo, akabandika stempu, akaposti. Kisha akajiombea pasipoti yake mwenyewe. Ilipofika akaiacha juu ya meza ya jikoni, na Mama akawa anaisogeza ili apange sahani. Chai alianza kunywea kwenye kibanda cha bustani. Walisalimiana asubuhi, walisalimiana jioni, na hapo katikati hapakuwa na kitu.

Desemba ilifika bila jibu la Dublin, na nafasi ambayo hoteli moja ilikuwa imemwekea Bryony akapewa msichana mwingine. Januari msichana huyo alivunjika mkono, na wiki hiyohiyo Dublin wakajibu. Pasipoti ikafuata. Hoteli ikasema njoo upesi. Nikaamua kumpeleka kwa gari, na asubuhi ya safari nikamkuta mzee Clifford amesimama kando ya barabara na begi moja na ski zake za zamani.

"Mama je?" nikauliza.

"Hana pasipoti," akasema, akaingia.

Mama alikuwa dirishani. Alimpungia mkono Bryony.

Kule mlimani, kesho yake saa sita mchana, mzee alipanda na mjukuu wake lifti ya kamba inayopeleka watu juu. Niliwangoja chini. Bryony alifika kwanza akipiga kelele za furaha. Nyuma yake alikuja mzee wa miaka sabini na mitano, magoti yamekakamaa, akikata kona zilezile alizozikata kwenye brashi kwa karibu miaka hamsini. Alianguka mara moja, akainuka, akafika. Alikuwa analia waziwazi.

"Huumii," aliniambia. "Ukianguka huumii."

Kisha akaomba simu yangu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, nikampigia Mama mimi na kuishika mbele yake, sauti ikasikika kwa wote.

"Ikoje?" Mama aliuliza.

"Laini."

"Mtoto?"

"Anaruka kama mbuzi."

Mzee aligeuka akautazama mteremko.

"Ningekuja hapa na wewe, Attracta," mzee alisema. "Hata miaka ishirini tu iliyopita. Magoti yalikuwa bado yangu. Ulikuwa unafanya nini cha maana hivyo miaka ishirini iliyopita?"

"Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, Clifford. Nilikuwa nimesimama kwenye jiko la shule."

"Sitini na mmoja wanawake wote mlikuwa mmeshastaafu."

"Barua ya kustaafu ilikuja nilipofika sitini. Niliichoma kwenye sinki kabla hujarudi kutoka kazini. Ningekuambia ni ya nani? Nikasimama miaka mingine mitano, mpaka ilipofika sitini yangu unayoijua wewe."

Nilijua mzee anakumbuka nilichokuwa nakumbuka mimi: miguu ya Mama miaka ile, imevimba, ndani ya beseni la maji ya chumvi, na yeye Clifford amepiga magoti akimkausha kwa taulo, akimwambia avumilie, imebaki kidogo. Bryony alikuwa ameacha kuchekacheka.

"Miaka mitano," mzee alisema mwishowe.

"Mitano."

Akavua glavu, akafuta uso, akanipokonya simu akaishika mwenyewe kwa mikono miwili.

"Kesho nenda posta ukapige picha za pasipoti," alimwambia. "Hawataki mtu acheke."

"Sitacheka," Mama alisema.