Vali za Walinzi wa Mashamba ya Natta

Nilikwenda Natta kwa sababu mdogo wangu Mwita alikuwa anakaribia kufukuzwa kazi. Mwita ni mlinzi katika kambi moja ya watalii upande ule. Kazi yao ni kupita na pikipiki pembezoni mwa mashamba na kuwarudisha tembo porini kabla hawajamaliza mahindi ya watu. Alianguka, akaumia mbavu, na msimamizi wake akasema anaendesha kihuni. Akanipigia simu.

"Dada, vali ya nyuma ilikatika nikiwa kwenye mwendo. Hawaniamini. Njoo uwaambie wewe."

Alimpigia mtu anayestahili. Mimi ni Bhoke wa Nyarero, mwenye stashahada ya ufundi wa mitambo. Nimetengeneza pikipiki za matajiri Dubai, nikarudi, nikajenga gereji yangu bila mjomba wala mfadhili. Wanaume waliocheka siku ninaifungua sasa wanakaa kwenye benchi langu wakisubiri zamu.

Tarime mjini, asubuhi. Nilisimama kwa Hamisi, muuza vipuri.

"Karibu, fundi wa Waarabu! Leo umekuja kununua au kututukana?"

"Vyote viwili. Nionyeshe vali za tairi zisizo na tyubu."

Vali ninayoisema ni kile kijishina kinachotokeza kwenye rimu, pale unapojazia upepo. Kwenye pikipiki za kambi ile, juu ya kila vali hufungwa sensa mfano wa kifuniko, inayopeleka kipimo cha upepo kwenye kioo kidogo karibu na usukani. Upepo ukipungua, kioo kinalia.

Hamisi akanimwagia vali za mpira. "Hizi zinakwenda kama karanga."

"Na zinakatika kama karanga," nikamwambia. Sensa ina uzito. Gurudumu likizunguka kwa kasi, sensa inavutwa kwenda nje, na shina la mpira linainama na kurudi mpaka linapasuka kwenye mzizi. Akatoa za alumini, nyekundu, nzuri kwa macho. Nazo nikazikataa: uzi wa ndani ya sensa, ule unaojikaza kwenye vali, ni wa shaba, na shaba ikikaa na alumini kwenye maji na vumbi vinang'ang'aniana, siku ya kufungua utatoka na shina lote. Chini kabisa ya boksi tukapata za shaba, fupi, zinazokazwa kwenye rimu kwa nati. Nikachukua hizo, na za mpira chache za kuonyeshea ubaya wake.

"Ungekuwa mwanaume ungekuwa waziri," Hamisi akasema.

"Ningekuwa mwanaume ningekuwa nimekaa hapo ulipo wewe, nauza za mpira."

Matongo, kabla ya saa sita. Vumbi la magari ya mgodini lilinifunika juu ya pikipiki yangu mpaka kope. Nikanywa maji, nikavuka Mto Mara, nikashika njia ya Mugumu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule msimamizi, na nakiri yalikuwa matamu.

Natta, mchana. Mwita alinipokea akiwa amejishika ubavu. Chini ya banda la mabati walikuwepo walinzi wenzake, na mkubwa wao, Mzee Wambura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe fundi? Mwita alisema dada, nikajua anatania."

Nikainama kwenye pikipiki ya kwanza, nikashika sensa ya nyuma nijaribu kuitikisa. Vali yote ikabaki mkononi mwangu, na tairi likatoa upepo kama nyoka aliyekanyagwa. Nilishtuka, nikakaa chini. Nikaenda ya pili: imepasuka mzizi. Ya tatu hivyo hivyo. Watu walikuwa wanapanda vifo kila siku!

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hata stashahada yangu haikunitayarisha kukikuta. Mipasuko ile haikuwa ya kuinama. Ilikuwa imezunguka, kama shingo ya kuku iliyonyongwa. Na kila sensa ilikuwa na alama za meno ya plaizi.

"Nani anafungua hizi sensa?"

"Hatuzigusi kabisa," mlinzi mmoja akasema, akitazama pembeni. "Ofisi imekataza. Ukiigusa, kazi huna."

Nikamgeukia Mwita. Akainamisha kichwa. Mzee Wambura ndiye aliyesema.

"Binti, kuna korongo la mchanga kabla ya mashamba. Bila kupunguza upepo huvuki. Ukipunguza, baada ya muda kidogo hiki kioo kinaanza kupiga kelele, hata injini ikizimwa hakinyamazi; kitufe cha kuzima sauti ofisi imekijaza gundi. Na sisi kule tunakwenda kimya, injini imezimwa, tuwahesabu tembo kwanza. Hebu niambie wewe uliyesoma: utakwenda kwa tembo mwenye mtoto ukiwa na kengele?"

Basi kila jioni walikuwa wanazing'oa sensa kwa plaizi na kuziacha kambini, mbali na kioo. Asubuhi wanajaza upepo, wanazikaza tena kabla msimamizi hajapita. Kila kukaza, mpira unanyongwa kidogo.

"Na siku uliyoanguka?" nikamuuliza Mwita.

"Nilikuwa namkimbia tembo, dada. Vali ikatoka. Nikalala kwenye mtaro, akapita hapa." Akanionyesha: kama upana wa mlango. "Ningeeleza yote, pamoja na plaizi, ningewachongea wenzangu wote."

Mama yetu alidhani mtoto wake aliteleza tu.

Saa tisa alifika msimamizi, Bwana Masatu, mtu safi wa viatu. Nilikuwa nimeshafunga vali za shaba kwenye pikipiki ya Mwita. Hizi nati zake zinashika rimu, hata ukizungusha sensa shina halifuati. Nikamwonyesha zilizopasuka.

"Vizuri, madam. Lakini vali mbovu haifuti uzembe. Wenzake mbona hawaanguki?"

Nikamtazama Mzee Wambura. Akanikubalia kwa macho. Nikasema, "Bwana Masatu, twende ukaone njia yenyewe."

"Mimi sipandi nyuma ya mtu anayeangusha pikipiki."

"Panda nyuma yangu. Mimi sijawahi kuiangusha."

Korongoni, saa kumi na moja jioni. Mzee Wambura alitangulia kwa miguu. Pikipiki ikazama mchangani mpaka ekseli, Bwana Masatu akashuka kusukuma, viatu vyake vikaisha. Nikafungua sensa kwa vidole, nikapunguza upepo, nikairudisha, kama ofisi inavyotaka. Tukavuka. Nikazima injini, tukawa tunaisukuma kwenye ukingo wa mahindi.

Tembo walikuwa pale. Sijawahi kuwa karibu hivyo. Nilisikia mabua yakivunjika midomoni mwao.

Kioo kikaanza kulia.

Pii, pii, pii. Tembo jike aligeuka, masikio yakafunguka kama milango ya ghala.

"Zima!" Bwana Masatu akaninong'oneza.

"Ofisi yako imejaza gundi kwenye kitufe!"

"Zima, dada yangu, nakuomba!"

Tembo akaja. Mzee Wambura akapiga kelele kutoka upande wa pili kumvuruga, mimi nikawasha, Bwana Masatu akanikumbatia kiuno kama mtoto, na tukapita juu ya matuta, juu ya mawe, juu ya kisiki ambacho nilikiona tumeshakiruka. Vali ya mpira isingefika pale. Tulisimama kambini, na kioo bado kinalia.

Bwana Masatu akashuka. Alichomoa ufunguo wake, akaanza kukwangua gundi kwenye kitufe, mpaka sauti ikazimika. Kisha akaenda kwenye pikipiki inayofuata, akakwangua. Akazimaliza zote.

"Mwita," akasema mwishowe, "ulikuwa umepita hapo peke yako?"

"Ndiyo, bosi."

"Kesho pumzika. Keshokutwa njoo kazini."

Mzee Wambura, aliyekuwa ameshafika kwa miguu, akacheka mpaka akakohoa. "Mura, kijana wangu, dada yako tumwoze hapa hapa Natta!"

Siku iliyofuata nilifunga vali za shaba kwenye pikipiki zote, nikala ugali wao, nikarudi Nyarero. Mama alinipokea barabarani akiuliza mbavu za Mwita zinaendeleaje. Nikamwambia zinapona, na mengine nikamwambia akiwa ameshakaa.

Chuo kilinifundisha kupima tundu la rimu, urefu wa shina na aina ya madini, na nayajua hayo kuliko fundi yeyote kutoka Sirari hadi Mugumu. Lakini siku hizi mtu akiniletea vali iliyokatika, kabla sijapima chochote namuuliza kwanza alikuwa anamkimbia nani.