Sehemu ya Nne Bila Mtafsiri

Popote ninapofikia, leo Kasese, kesho sijui wapi, harufu ya magunia ya kahawa hunirudisha kwenye kibanda cha video cha Bwera, kule mpakani na Kongo. Magunia yaliziba madirisha ili mchana uwe giza.

Siku moja ilikuja sehemu ya nne ya filamu ya muuaji mwenye kinyago. Mtafsiri wetu, Mkongo aliyetusimulia zile tatu za kwanza, alikwama ng'ambo ya mpaka. Watu wakaanza kupiga miluzi. Dada yangu, wa miaka kumi na mitatu, akaenda kushika kipaza sauti.

"We mutoto, unajua Kingereza?" mwenye kibanda akauliza.

"Sijui. Lakini hii filamu naijua."

"Mutu moja akitoka, hautaingia humu tena."

Kanda ikaanza. Kwenye kioo, vijana wakaenda kuogelea ziwani.

"Huyu wa nywele za njano anajidai," dada akasema. "Mumuage."

Watu wakamuaga kwa vicheko, na kabla hawajamaliza, akachinjwa.

"Na huyu anaenda kuangalia kelele. Kwao hakuna shangazi wa kumukataza?"

Kibanda kizima kikalipuka kwa vicheko. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni, nikiangalia kama kuna anayetoka.

Mwishowe muuaji akateketea kwa moto, majina yakapanda, kioo kikabaki buluu tupu. Watu wakaanza kuinuka.

"Mukae," dada akasema polepole. "Hajafa."

Wakakaa. Hata mwenye kibanda, aliyekuwa anakwenda kuzima jenereta, akarudi akaketi, akaikodolea macho ile buluu.