Wageni Sitini Niliowaandika Mwenyewe

Jambo hili hata mke wangu sijamsimulia, na akilisikia atakuwa amelisikia kwenu, basi nawaomba mcheke polepole. Mimi Bakari wa Gazi, huyu mnayemwona hapa na shati safi, niliwahi kuwasimamisha watu zaidi ya thelathini juani, wamevaa sare zilizopigwa pasi, wakiwangoja wageni ambao hawakuwako duniani. Na chanzo chake ni gemu la kompyuta.

Miaka hiyo ya mwisho wa tisini nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani (jina lake niachieni mwenyewe), na watalii walikuwa wameadimika, wiki nzima unaweza kupata wageni watatu na mmoja wao ameingia kuuliza njia tu. Wafanyakazi wakarudishwa makwao mmoja mmoja, mpaka tukabaki meneja, Bwana Mwangangi, aliyeshinda amejifungia ofisini, na Ami Kombo mpishi, na mlinzi wa lango, na mimi. Aliyeniuma kuliko wote kuondoka ni dada Mwanasiti, msimamizi wa vyumba, kwa sababu kila akimaliza kazi alikuwa akija kukaa kwenye kiti cha pale mapokezi, anamenya chungwa na kunipa habari za hoteli nzima, nani anakoroma, nani kaja na sufuria yake kutoka Ulaya. Akaenda zake Msambweni kuuza mahamri stendi. Kile kiti sikukiondoa.

Sasa, kabla mambo hayajaharibika kabisa, kulikuwa na mgeni mmoja Mswizi aliyekaa wiki mbili za mvua, akanipa disketi yenye gemu la kujenga kijiji. Unacheza peke yako na mashine: unapewa watu kumi, unawatuma wakate miti, wavue samaki, wajenge nyumba. Nikaliweka kwenye kompyuta ya hoteli, ile ile yenye orodha ya wageni, maana ilikuwa moja tu. Kila nikicheza watu wangu wanakufa njaa, kwa sababu kulikuwa na majira ya theluji, na mimi mtoto wa Gazi theluji ningeijulia wapi? Yule Mswizi akanionea huruma, akanifundisha ujanja: unafungua faili ambamo gemu limehifadhi mambo yake, unatafuta idadi ya samaki, unaifuta, unaandika unayoitaka wewe. Ukirudi kijijini unakuta ghala limejaa.

Basi nikawa tajiri. Samaki elfu tisa, kuni elfu tisa, mawe hata sikujua ya nini. Lakini ghala likishajaa wale watu hawana haja na wewe tena, wanakula, wanazungukazunguka, hawafi, hawakuombi kitu, na wewe umekaa hapo unawatazama. Baada ya siku chache gemu likanichosha, nikawa nautazama ukurasa wa wageni wa hoteli: Jumatatu mmoja, Jumanne sifuri, Jumatano sifuri, na kuendelea. Nilikuwa mpweke, jamani, nisiwafiche. Kuna mchana nilijikuta naijibu redio salamu zake.

Jumatano moja baada ya adhuhuri mkono ukaniwasha. Nikasema hebu niujaribu ule ujanja kwenye faili la hoteli, niione Jumamosi imejaa japo kwa dakika tano, halafu nifute. Nikatoa sifuri, nikaandika sitini. Kufungua ukurasa, vile vyumba vilivyokuwa vyeupe vikageuka kijani, safu kwa safu, na mimi nikajimiminia chai, nikakaa kuvitazama (nawaambia kweli, nilikuwa natabasamu). Chai sijaimaliza, umeme ukakatika. Nikangoja saa nzima haukurudi, na kesho yake nilikuwa na ruhusa ya siku mbili kwa harusi ya dada yangu Gazi, basi nikachukua mfuko wangu nikaenda. Kule harusini wale sitini hawakunijia akilini hata mara moja.

Jumamosi asubuhi nafika langoni nasikia mafagio. Mashuka yameanikwa kamba nzima, jikoni kunanukia nazi, na kwenye kile kiti cha mapokezi amekaa dada Mwanasiti na sare yake ya buluu, anamenya chungwa.

"Shikamoo, dada," nikasema, na furaha ilinijaa hata sikuuliza kulikoni.

"Marahaba, mdogo wangu. Wageni sitini unatuficha? Lau si meneja, si wangetukuta tumelala majumbani?"

Ndipo nikawakumbuka wale sitini. Kumbe Alhamisi Bwana Mwangangi alifungua kompyuta akaiona Jumamosi yote ya kijani, na kwa kuwa siku zile kampuni za watalii zilikuwa zikipiga simu kwanza na majina yanafuata kwa faksi, akadhani nimepokea kundi nikasahau kumwambia kwa haraka ya harusi. Kwetu Gazi hatukuwa na simu ya kuniulizia. Akatuma watu Ukunda, Msambweni, mpaka Kikoneni, waliorudishwa makwao waje wote.

"Na mahamri je?" nikamuuliza.

"Karai nimemwachia wifi yangu, na ile nafasi ya stendi nimempa moja kwa moja. Nimemwambia mimi narudi kazini kwangu."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu. Lakini alinipa kipande cha chungwa, akaanza kunieleza mambo ya Msambweni, nami nikajiambia ngoja amalize, na alipomaliza akaja mwingine kunipa mkono, na mwingine, wote wananishukuru eti nimewaletea riziki. Nikazipokea shukrani zote. Mwaka mzima sikuwa nimepata asubuhi nzuri kama ile.

Saa tisa kila kitu kilikuwa tayari. Meneja na tai yake, wachezaji wa ngoma ya sengenya wameshafunga njuga miguuni, madafu sitini yamekatwa vichwa, na mimi nimeshika sinia la taulo baridi za kuwapangusa wageni jasho. Ikapiga saa kumi. Ikapiga saa kumi na moja, taulo zimeshachemka.

"Bakari, hii kampuni gani?" meneja akauliza.

"Huenda ndege imechelewa, bwana," nikajibu (naam, nikaongeza na uongo huo).

Akaenda kupiga simu uwanja wa ndege. Aliporudi alisimama mbele yangu akanitazama, na ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Hakuna wageni," nikasema. "Niliwaandika mimi. Nilikuwa nachezea kompyuta, nikasahau kufuta."

Nikajaribu kueleza. Hebu jaribuni nyinyi kuwaeleza watu waliotoka Kikoneni alfajiri habari za kijiji cha theluji na samaki elfu tisa.

"Wote sitini?" akauliza Mwanasiti.

"Wote, dada."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nione hoteli imejaa."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Ami Kombo akasema chakula kitaharibika, tuleni, basi wakaketi kwenye meza za wageni wakala samaki wa kupaka, na mimi nikapata meza ya viti vinane, nikala peke yangu. Walipokwisha wakabadilisha nguo. Mwanasiti akaikunja sare yake, akaiweka juu ya kaunta mbele yangu, akatoka.

Sikufukuzwa, kwa sababu, zaidi ya kuifungua, hakuna mwingine aliyeijua kompyuta, nikabaki na hoteli tupu na disketi niliyoivunja kwa mikono yangu. Wifi hakuirudisha nafasi ya stendi. Mwanasiti akawa anauzia mahamri barazani kwake, kichochoroni, wapita njia wachache. Nilikwenda mara mbili kumwomba radhi. Mahamri alinipa, maneno hakunipa. Tangu hapo simwandiki mgeni mpaka nimemwona kwa macho na begi lake, na mwanangu akiniuliza ujanja wa kujaza ghala kwenye gemu la simu yake namwambia kawavulie samaki, wakifa wafe.

Mwaka uliofuata wageni walianza kurudi. Tukampelekea Mwanasiti barua tatu, hakujibu. Siku moja akaja mwenyewe, na buibui lake, akasimama pale mapokezi, karibu na kile kiti.

"Wapo?"

"Wapo, dada. Arobaini na wawili."

Akapita, akaenda mpaka kwenye bwawa la kuogelea, akasimama akiwatazama mmoja mmoja, nami kutoka kwenye kaunta nikaiona midomo yake inahesabu. Aliporudi alinyoosha mkono.

"Nipe sare yangu."

Nilikuwa nimeiweka kwenye droo yangu mwaka mzima. Akaipokea, akaenda kazini, na kile kiti hakukikalia tena.