Mlango Uliohama Mara Tatu

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hata nikiwa jikoni, mwanangu. Ni siku ambayo mlango wa ukumbi wa kanisa letu uliingia stoo ya viti. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikuona pale ofisini ukiisukuma kibodi kando na kusema kwamba programu hii mpya ya kuchorea haifai, ya zamani ndiyo ilikuwa programu. Maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, hapo Meru mjini, juu ya bucha, na nilifanya kazi kwa Bwana Mutwiri, mchoraji wa majengo. Kwa miaka minne nilichora kwa programu moja tu, na humo kila kitu kilikuwa mstari. Ukuta ni mistari miwili, mlango ni mstari na kipande cha duara, basi. Mkono wangu wa kushoto ulizijua herufi zote za amri, hata ningeweza kuhamisha, kunakili na kukata huku nikila andazi kwa ule wa kulia. Maghala ya ngano ya Timau nilichora mimi, na nyumba za kupangisha sina hesabu. Nilijiona, mwanangu. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na mimi nilikuwa sijajua kwamba lile lilikuwa shamba.

Bwana Mutwiri akaleta programu nyingine. Katika hii ukuta ni ukuta kweli: unajua urefu wake na unene wake, na ukiuwekea dirisha unajipasua wenyewe kulipokea. Mimi nikaukata ukuta kwanza, kama nilivyozoea, ndipo nikaleta dirisha. Dirisha likakosa pa kukaa. Nikalileta tena, likakataa tena. Wiki nzima kuta zangu zilikuwa vipandevipande, na mimi nikimlaumu aliyeitengeneza programu, asiyenijua wala kunisikia.

"Wawira," Bwana Mutwiri akaniambia, "mchagua jembe si mkulima. Kuna hii kazi ya ukumbi wa kanisa, Karurumo huko Embu. Si ni kwenu? Basi ni yako, na utaichora kwa programu mpya. Ukiiweza, kazi zote za Embu utasimamia wewe. Ukishindwa, utarudi kwa printa."

Printa ndiko nilikoanzia, nikikunja karatasi za wenzangu. Sikutaka kurudi huko. Na Karurumo ni nyumbani hasa: baba yangu, Mzee Njeru, alikuwa mzee wa kanisa lile lile, na alikuwa ameshawaambia watu wote sokoni kwamba ukumbi unachorwa na binti yake. Nikaingia kazini kwa moyo wote, nikaacha kuzikata kuta kabla ya madirisha, na nikamaliza mapema.

Siku mbili kabla ya mkutano wa kupitisha michoro, kamati ikanipigia simu. Kina mama waliomba mlango wa pembeni usogezwe mita moja nyuma, ili mtoto akilia mama atoke naye bila kupita mbele ya mhubiri. Kazi ya dakika tano. Nikafanya vile mkono wangu ulivyojua. Nilianza na mchoro wa chini, ule unaolitazama jengo kutoka juu kana kwamba paa limeondolewa, nikausogeza mlango mita moja. Nikaja kwenye mchoro wa ubavu, unaoonyesha ukuta ukiwa umesimama, nikausogeza mita moja. Nikamalizia na mchoro wa mkato, ule wa kuonyesha ndani, nikausogeza mita moja. Katika programu ya zamani usipofanya hivyo michoro haipatani, kwa sababu kila mmoja ni karatasi yake. Nikapiga chapa nikiwa naimba. Sikurudi kuutazama ule wa kwanza, kwani kwa mazoea yangu mchoro uliokwisha umekwisha.

Mazoea yana taabu, mwanangu.

Jumapili baada ya ibada tukabaki kanisani. Michoro ikabandikwa ukutani, mimi nikasimama na kompyuta yangu ya mkononi mezani, baba akiwa kiti cha mbele na koti lake la arusi. Jumatatu watu walikuwa waje na majembe kuchimba msingi. Kila mtu akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainuka Cucu Igoki, Cucu ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, mama mzee aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, akaenda mpaka ukutani na kuweka kidole kwenye karatasi.

"Wawira wa Njeru, nisaidie. Hii mlango yetu inaingia wapi?"

"Inaingia ukumbini, Cucu."

"Hapana. Hapa imeandikwa stoo ya viti." Akanigeukia. "Kwa hivyo mtoto akilia tunapitia wapi? Katikati ya viti?"

Kanisa lote likacheka. Nilitazama karatasi, nikaona kweli: mlango ulikuwa umesogea mita tatu, umeupita mwisho wa ukumbi, umeingia stoo. Ukumbi haukubakiwa na mlango wa pembeni hata wa dawa. Baba aliinama akawa anatazama viatu vyake. Niliona aibu, nikaiona printa ikinisubiri, na aibu ikanisemesha uongo.

"Ni hii kompyuta, Cucu. Ni mpya, imeharibu kazi yangu."

Cucu Igoki hakunifokea. Alivuta kiti, akakaa, akaegemeza mikono juu ya mkongojo.

"Mimi nilizaliwa huko juu karibu na msitu, kwa majani chai," akasema. "Nilijua kupogoa chai kuliko dada zangu wote. Unaikata juu, inakuwa sawa kama meza. Nikaolewa hapa chini kwa kahawa. Baba mkwe alisafiri siku tatu, nikasema wacha nimfurahishe. Nikachukua panga, nikaisawazisha kahawa yake yote. Meza safi. Watu walikuwa wanapita kwa barabara wakiuliza chai ilifika Karurumo lini."

Watu walishika mbavu. Hata baba aliinua kichwa.

"Nyinyi mnacheka. Mwaka huo hatukuchuma kahawa ya kujaza kikapu. Na mimi nilisema kama wewe, nikasema hii kahawa ni mbaya. Baba mkwe hakunichapa. Aliniuliza tu, 'Igoki, chai tunataka nini yake?' Nikasema majani. 'Na kahawa?' Nikasema tunda. Akasema, 'Panga ni ile ile na mkono ni ule ule. Lakini kabla ya kukata, uliza mti unazaa wapi.' Sasa wewe, hiyo kompyuta yako mpya, inazaa wapi?"

Nikaketi, nikafungua mchoro wa chini upande mmoja wa kioo na ule wa ubavu upande wa pili, jambo ambalo tangu programu ije sikuwa nimelifanya. Nikaurudisha mlango mita moja kwenye mchoro wa chini. Upande wa pili, bila mimi kugusa chochote, mlango nao ukasogea mita moja.

Ndipo nikaelewa. Mlango ulikuwa mmoja tu. Ile haikuwa michoro mitatu, ilikuwa ukumbi mmoja unaotazamwa kutoka pande tatu, na mimi nilikuwa nimeuhamisha mlango ule ule mara tatu kwa bidii yangu mwenyewe. Nikaurudisha mita ya pili. Mkono wa kushoto ukaanza kunyemelea mchoro wa ubavu, nikaukalia. Kweli, mwanangu, niliukalia mkono wangu mbele ya kanisa.

"Cucu, si kompyuta," nikasema. "Ni mimi. Nimepogoa kahawa kama chai."

"Na sasa?"

"Njoo uone."

Akaja, wakaja na kina mama wengine, wakasongamana nyuma yangu. Wakaniomba niusogeze kidogo tena waone unavyohama pote kwa pamoja, nami nikausogeza na kuurudisha mpaka mhubiri akasema mlango utachoka. Michoro ikapitishwa kwa makofi, na Jumatatu msingi ukachimbwa. Bwana Mutwiri nilimweleza yote bila kuficha. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanipa kazi za Embu.

Sasa sikia, mwanangu. Sikwambii uyatupe uliyoyajua. Jicho langu la kupima, subira ya kutazama kazi mara mbili, kujua mteja anataka nini, hayo yote niliyahamisha kutoka programu hadi programu na hayajanisaliti. Nilichopaswa kukiacha ni ile njia ya mkono. Ukifika kwenye kifaa kipya, jiulize kwanza ulikuwa ukitaka kupata nini ulipobonyeza ile herufi ya zamani, halafu uliza huku kinapatikanaje. Jaribu kwa kitu kimoja kidogo, utazame ni nini kingine kimesogea. Kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, usilisingizie panga. Jumatatu tutakaa pamoja mbele ya hii mpya, maana hata mimi sijaijua, na mkono wangu wa kushoto umeshaanza ujeuri.

Ule mlango upo mpaka leo. Kifungua mimba wangu alipolia katikati ya mahubiri, nilitoka naye kwa mlango ule, na nje nikamkuta Cucu Igoki ameketi juani. Aliutazama mlango, akanitazama mimi, akasema tu, "Imekaa mahali yake."

Nami nakuombea hivyo hivyo. Mungu akupe mkono unaojua na jicho linaloendelea kuuliza. Majengo yako yasimame, milango yake ifunguke palipo na watu. Na siku utakapokosea, asikosekane Cucu wa kukuwekea kidole kwenye karatasi.