Ersilia, pumzi ya mwanamke asiyewahi kukutana naye

Saa tatu asubuhi, katika chumba kisicho na dirisha mjini Roma, Ersilia Taddei anavua viatu, bangili na saa. Kisha anatafuna kipande cha mkate bila hamu. Maikrofoni haina adabu. Tumbo likinguruma, nayo inanasa.

Kwenye skrini yupo Birthe Holmgaard, mwigizaji wa Denmark. Ersilia ndiye anayemsemea kwa Kiitaliano. Hawajawahi kukutana.

Miaka ishirini na miwili wote wawili walikuwa watu wa pembeni. Birthe akipewa shangazi mmbeya au muuguzi mkali, Ersilia humsemea mistari yake mitatu minne, kisha huyoo, anakimbilia jukwaani kuwa mama mkwe wa mtu.

"Jukwaani nimezikwa mara tisa," anasema. "Kuolewa, sijaolewa hata mara moja."

Mwaka huu Birthe, na miaka yake sabini, kapewa filamu nzima. Ersilia aliposikia alipiga vigelegele sokoni, samaki mkononi. Furaha haikumaliza wiki. Wenye filamu walitaka sauti yenye jina, wakaitisha majaribio: sauti tatu, ya Ersilia ikiwemo, kila moja na namba yake tu.

Gualtiero, msimamizi wa studio, hakumficha. Alimwambia wale wawili ni moto wa kuotea mbali.

"Wao wana jina," Ersilia akamjibu. "Mimi nina Birthe."

Kipande chenyewe kilikuwa cha mjane anayefungua barua. Kabla ya neno la kwanza kuna kimya kirefu. Wenzake walingoja midomo ifunguke. Ersilia midomo hakuitazama kabisa, alitazama koo. Birthe akivuta pumzi, naye anavuta. Ikimkwama Birthe, naye inamkwama.

Jibu la wenye filamu kutoka Denmark lilikuwa fupi: wanamtaka namba mbili, yule aliyeanza kuigiza kabla ya kusema.

Namba mbili ni Ersilia.

Leo ndiyo wanaanza. Mistari mia nne na kumi inamsubiri, na mwanamke wa miaka sitini na tisa hatulii, anarukaruka pekupeku kama anayesubiri kengele ya mapumziko. Gualtiero anamuuliza kama bibi aletewe kiti.

"Kalia wewe, mwanangu. Washa."

Na baada ya hii? Ersilia anasema kila Jumapili huwasha mshumaa kanisani, wala si kwa ajili ya koo lake.

"Namwombea Birthe magoti yake yasichoke. Akipata filamu nyingine, nami nimepata. Akistaafu, tumestaafu wote, na mimi ndiyo kwanza naanza."