Mdogo Wetu wa Sita

Juzi, Musoma mjini, niliona mlangoni namba ya sensa iliyoandikwa kwa chaki, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Butiama.

Redio ya jirani ilikuwa ikipiga bongo fleva, na kila wimbo ulipoisha, tangazo lilituhimiza tuhesabiwe. Nyumba ilinuka mwarobaini. Mama alikuwa ndani akimkanda mdogo wetu mchanga, aliyekuwa na homa siku ya nne. Karani wa sensa alifika, akamuuliza bibi watoto wa nyumba ile wako wangapi.

"Wapo," bibi alijibu.

"Wapo wangapi, bibi?"

"Kwani ng'ombe wa kwenu unawahesabuga mbele ya wageni?"

Kwetu watoto hawakuhesabiwa kwa sauti; iliaminika kufanya hivyo kunaita kifo. Lakini mimi nilizoea kuwahi kujibu darasani. Nikasema, "Sita," nikataja majina yote. Karani akayaandika.

Kabla jua halijazama, mdogo wetu alifariki. Nilimkimbilia karani hadi nyumba za mbele, nikamlilia amfute mdogo wetu kwenye fomu yake.

"Alilala kwenu usiku wa sensa," alisema taratibu. "Huyo hafutwi."

Leo najua ilikuwa malaria, na kwamba hesabu haiui mtu. Siku ile nilijua tu kwamba nimemuua. Nilijificha nyuma ya zizi mpaka mama aliponipata.

"Mama, ni mimi nilimhesabu."

Alikaa chini kwenye samadi, akanipakata.

"Hata kubatizwa hakuwahi," alisema. "Hakuna mahali pengine alipoandikwa, mwanangu. Ni pale tu ulipomtaja wewe."