Haji Farghali Alipoukumbatia Upepo

Kule Girga, Misri, watu hawatazami video ya harusi ili kumwona bibi harusi. Bibi harusi wanamjua. Wanatazama nani alikuja, nani aliketi mbele na nani alijisingizia ugonjwa. Wagdi, mpiga video, alilijua hilo tangu enzi za kumbebea baba yake nyaya, na kwa miaka mingi hakuthubutu kumkata hata mzee anayesinzia kitini. Ukimkata mtu umemfukuza harusini, na ndugu zake watakuja dukani kukuuliza amekosa nini.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda kula na mwoga wa ugomvi. Akili mnemba ilipoingia mjini aliipokea kwa mikono miwili. Anaiandikia kompyuta ombi lake, nayo inamtolea bwana harusi juu ya farasi mweupe, au maharusi wakitembea mawinguni na nguo zao zilezile. Watu walipagawa. Seremala mmoja aliomba simba wawili walale miguuni pake, akapewa, na mkewe hadi leo anamuuliza kwa nini basi anaogopa paka.

Lakini kilichomstarehesha Wagdi zaidi ni kitufe cha kusafisha. Harusi za barabarani zina vurugu zake: huyu anakatiza na sinia la chai, yule anapita na punda. Ukibonyeza kitufe, wapita njia wote wanaondoka, na mahali pao panajazwa ukuta na taa kana kwamba hawakuwapo. Wagdi alikuwa akibonyeza, kisha anakwenda kula.

Ndivyo alivyofanya kwa harusi ya Rifaat, mtoto wa Haji Farghali.

Haji Farghali na mdogo wake Mahrus walikuwa hawasemeshani tangu Haji alipotoboa dirisha lililochungulia ua wa mdogo wake, wanakokaa wanawake. Dirisha lilizibwa kitambo, ila maneno ya siku ile hayakuzibika. Mama yao walimzika wakiwa wamesimama huku na huku kaburini. Basi jioni ya harusi, bila mtu kutegemea, Mahrus akatokea pembeni mwa hema, kanzu imenyooshwa pasi, amesimama peke yake kama aliyepotea njia. Haji akamwona, akamwendea, wakakumbatiana. Ilikuwa kufumba na kufumbua, hata simu hazikuwahi kutoka mifukoni. Mahrus akaondoka bila kuonja sharubati. Mji ukasahau ndoa, ukabaki kuzungumza habari hiyo, na Haji akamwalika mdogo wake chakula cha mchana Ijumaa, waje waitazame video pamoja.

Asubuhi ya Ijumaa Wagdi aliketi na chai yake kuipitia kazi kwa mara ya mwisho. Alipofika pale hemani, chai ikammwagikia mapajani. Haji Farghali alikuwa akienda mbio kuelekea ukutani. Akafungua mikono, akaukumbatia upepo, akaupigapiga mgongoni, akaubusu bega. Mashine ilimwona mzee aliyesimama peke yake pembeni, ikamhesabu mpita njia.

Wagdi aliikimbilia kamera. Kadi za kumbukumbu alikwisha kuzifuta, na sasa zilikuwa zimebeba harusi ya watu wengine. Watu watasema Haji ndiye aliyeagiza ndugu yake atolewe, Mahrus ataondoka, na safari hii hatarudi. Na yote haya kwa sababu ya mtu mmoja aliyekwenda kula maharage.

Akajaribu kumrudisha. Alitafuta picha ya zamani ya Mahrus, akaiomba mashine imweke mahali pake. Ikamletea Mahrus mwenye meno kamili yanayometameta, anayechekelea kama muuza dawa ya meno, wakati Mahrus wa kweli ana mapengo na sura yake hukaa imekunjwa mwaka mzima. Yule mtu wa bandia alipoingia mikononi mwa Haji, Wagdi aliona haya kama aliyeshikwa akiiba viatu msikitini. Akamfuta, akavaa viatu vyake mwenyewe, akaenda kwa Haji.

Alikuta wamekwisha kula. Mahrus alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, karibu kabisa na mlango, na kaka yake anamwuliza habari za mahindi, naye anajibu neno mojamoja.

"Karibu, fundi," Haji akasema. "Umechelewa, bata amebaki mifupa. Haya, tuwekee."

"Haji, nina neno kwanza. Tutoke nje kidogo."

"Neno gani la nje? Humu wote wenyewe. Sema."

Wagdi akasema. Akasema yote huku akitazama zulia, kitufe na kadi na hata yule wa meno. Kisha akamgeukia Mahrus. "Haji hana habari, mzee wangu. Wallahi ni mimi na mashine tu. Nilikwenda kula."

Mahrus akaweka bilauri chini. "Nionyeshe."

Wakatazama. Kwenye televisheni kubwa Haji Farghali akaukumbatia upepo, akaubusu bega, na Wagdi akasimamisha video papo hapo. Mama Rifaat akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Haji mwenyewe alikuwa amesawijika, hajui mikono aiweke wapi.

Rifaat akajaribu kuokoa jahazi. "Si tabu, baba mdogo. Tunakupiga picha moja, mashine inakuchora, inakuingiza palepale. Hakuna atakayejua."

"Inichore?" Mahrus akamtazama. "Mimi niko hapa, nimekula bata wa baba yako mpaka siwezi kuinama, halafu unataka nichorwe?"

Mahrus akarudisha macho kwenye televisheni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wagdi alidhani mzee analia, roho ikamtoka. Kumbe anacheka, mapengo yote nje.

"Farghali," akasema, "mashine haina kosa. Mimi mwenyewe sikuamini kama nimekuja."

Haji naye akacheka, na watu wote wakacheka kwa ile nafuu ya waliokuwa wamebana pumzi. Kisha kicheko cha Haji kikakatika.

"Ndivyo nilivyokuwa," akasema, akionyesha televisheni kwa kidole. "Kila Idi. Natoka msikitini, nawakumbatia watu wote, nafika zamu yako, hapana mtu. Ndivyo hivyo nilivyokuwa, Mahrus."

Mahrus akanyanyuka kochini. "Fundi, washa simu. Na hicho kitufe chako usikiguse."

Safari hii wakakumbatiana bila haraka. Wagdi alirekodi mpaka mwisho, na alishukuru moyoni, akashukuru tena. Walipoachana, Mahrus hakurudi kule mlangoni. Akaketi kando ya kaka yake, akaomba chai ya pili.

"Basi nitaukata ule mkumbatio wa kwanza," Wagdi akasema, "niweke huu."

"Usikate kitu," Haji akajibu. "Weka ule wa upepo, halafu huu ufuate."

"Watu watakucheka, Haji."

"Wacheke. Nao wana ndugu zao."